Mwaka Tulipoacha Wali

Wewe ambaye miguu yako imekufa ganzi, unayebonyeza muundi kwa kidole na shimo likabaki pale pale kama umebonyeza unga uliokandwa, ninakusimulia wewe. Sijui kama ugonjwa wako ndio ule ulionipata mimi. Mimi si tabibu, na hata jina la ugonjwa wangu nililitajiwa mara moja tu kwa Kidachi nikalisahau kabla sijafika nyumbani. Ninachokijua ni nilichokipitia, na jinsi nyumba yetu ilivyopona kwa chungu cha jikoni. Mpaka leo nikikumbuka, mwili hunisisimka.

Naitwa Mwanaidi. Nilizaliwa Mpwapwa, mjukuu wa mtu wa Mrima aliyekuja na misafara ya pembe, akaoa huko na asirudi tena pwani. Mume wangu Salehe alikuwa mtunza ghala wa reli ya Wadachi. Reli ilipofika Dodoma tuliifuata, tukajenga nyumba ya udongo karibu na stesheni, na mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, akaja kutoka Bagamoyo kukaa nasi. Tulikuwa na binti yetu Zuhura, aliyetosha kutumwa kisimani, na mdogo wake Athumani. Mavuno ya mwaka ule nikajifungua Mariamu.

Posho ya Salehe ilikuwa mchele. Mchele mweupe ajabu, wa magunia yaliyovuka bahari kuja kwetu, hauna hata kumvi moja. Watu wa stesheni tulijulikana kwa wali. Asubuhi tulikula kiporo, mchana wali, jioni wali. Mimi niliyekulia uji wa uwele nilijiona nimepanda cheo. Nilipokuwa nikipepeta mchele kwenye ungo pale mlangoni, wanawake waliopita walikuwa wakitazama, nami nilikuwa ninapenda wakitazama.

Kiangazi kilikuwa kikali. Mboga zilikauka, kitoweo kikaadimika, tukawa tunakula wali kwa chumvi na pilipili na kumshukuru Mungu. Upepo wa vumbi ulipoanza, nyayo zangu zikaanza kuchoma kama nimekanyaga majivu ya moto, kisha zikaacha kuchoma, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikanyaga kaa la moto jikoni na sikulisikia. Nililijua kwa harufu. Miguu ikavimba. Bangili ya mguuni ikabidi ikatwe. Moyo ulinienda mbio kwa kuinua kata ya maji tu.

Bi Mwanahawa aliniandalia kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nikanywa. Aliyasugua magoti yangu kwa mafuta ya simsim mpaka mikono yake ikachoka. Sitasahau mikono ile. Kama yupo mtu wa kukusugua miguu isiyosikia kitu, ujue umeshapewa nusu ya dawa.

Kisha Mariamu akapoteza sauti.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatanda uani. Nilimwona mtoto amekunja uso, amefungua kinywa, machozi yanamtiririka, kifua kinapanda na kushuka. Analia. Lakini hakukuwa na mlio wowote. Nilidhani masikio yangu ndiyo yamekufa kama miguu. Nikamwita Zuhura.

"Zuhura, unamsikia mdogo wako?"

Zuhura akamtazama, akanitazama. "Mama, mbona analia kimya?"

Salehe aliacha kazi yake siku ile. Akanibeba mgongoni kama mzigo wa mpagazi, mama yake akambeba mtoto, tukaenda hospitali.

Ilikuwa jengo refu la bati na baraza mbele yake. Tulikaa kwenye benchi tangu kivuli kilipokuwa kirefu mpaka kilipoingia chini ya miguu yetu. Pembeni yangu alikaa Mnyamwezi mmoja, mpasua mawe wa reli, miguu yake imevimba kama yangu. Tulitazamana miguu, kisha tukatazamana nyuso, na hatukuwa na haja ya kuulizana. Akanisogezea kitambaa chake nikae juu yake, maana benchi lilikuwa la ubao mkavu nami nilikuwa nimekonda kiunoni kadiri nilivyovimba miguuni. Huo ni wema mdogo. Katika ugonjwa, wema mdogo hauhesabiwi kuwa mdogo.

Daktari alikuwa Mdachi mwenye ndevu fupi, Kiswahili chake kizito lakini kinasikika. Alinigonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, mguu haukushtuka. Akaniambia nichuchumae. Nikachuchumaa.

"Inuka."

Nilijaribu. Mwili ulikataa kabisa, kama umefungwa kamba chini. Salehe alinikamata makwapani akaniinua, na nikaona uso wake ukigeukia ukutani.

Daktari akamsikiliza mtoto kifuani kwa muda mrefu. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Nyumbani mnakula nini?"

Bi Mwanahawa akajibu kwa fahari kabla yangu. "Wali, bwana. Kila siku ya Mungu, wali. Hatuna dhiki sisi."

"Na nini?"

"Wali," akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Daktari akakaa kwenye kiti chake. Akasema amewaona wengi wenye ugonjwa huu katika kambi za wajenzi wa reli, wale wanaokula mchele huu peke yake. Wanaokula nafaka za hapa na kunde na choroko hawavimbi. "Kwa nini, sijui kukueleza vizuri. Lakini nimeona. Acheni mchele huu. Nyumba nzima. Na mtoto asinyonye kwa sasa. Anapata kile unachokosa wewe. Mpeni maziwa ya ng'ombe na maji ya choroko zilizochemshwa, kidogo kidogo, kwa kijiko."

"Atapona?" aliuliza Salehe.

"Njooni baada ya wiki. Akifika wiki hiyo, atapona."

*Akifika.* Nililibeba neno lile njia nzima mgongoni kwa mume wangu.

Maziwa tuliyapata kwa Mama Chibago, Mgogo wa Mkonze aliyekuwa akileta samli stesheni. Alipopita siku ile na kuita salamu yake, "Mbukwa!", akanikuta nimeketi mkekani nalia na matiti yamejaa na mtoto simpi. Hakuuliza mengi. Akamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu chake, akasema ataleta kila asubuhi ng'ombe akishakamuliwa, na akaleta. Bi Mwanahawa alimnywesha Mariamu kwa kijiko: maziwa, kisha maji ya choroko yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha maziwa. Matone mengine yalimtoka pembeni ya kinywa. Nami nilikaa kando nikikamua matiti yangu mchangani. Mama unayesoma haya, kama umewahi kufanya hivyo, unajua. Kama hujawahi, Mungu akuepushie.

Basi ikabaki kazi ya chungu.

Ukiambiwa "badilisheni chakula" unadhani ni jambo la kinywa tu. Kumbe ni heshima ya watu. Salehe alileta uwele na mtama kutoka sokoni, mama yake akautazama ule uwele kwenye ungo kana kwamba ni mchanga.

"Mwanangu, mimi sikuja bara kula chakula cha kuku."

"Mama, umemsikia daktari."

"Nimemsikia. Mke wako ale, mtoto anywe. Sisi wazima tule wali wetu."

Siku ile ile Zuhura alirudi kisimani amejikwaa, mtungi umevunjika. Nilimwita, nikambonyeza muundi kwa kidole. Shimo likabaki. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni akaliona. Aliingia ndani, akalivuta gunia la mchele mpaka uani, akamwambia Salehe, "Lirudishe ghalani. Lisilale humu."

Tukaanza vibaya. Ugali wa mtama na mlenda, kesho ugali wa mtama na mlenda, keshokutwa vile vile. Athumani alifumba kinywa akatikisa kichwa. Salehe alikula kama anayemeza dawa. Bi Mwanahawa alipoona mlenda unavutika kutoka chunguni mpaka kinywani alifumba macho, akasema bismillahi mara mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa, na mgonjwa hana hamu hata ya kile anachokipenda. Kila tonge lilikuwa mlima. Siku ya nne au ya tano, chungu kilirudi jikoni kimejaa. Hapo nikaogopa kweli. Niliona tutakufa njaa mbele ya chakula.

Nikamwambia mama mkwe wangu aniburure na mkeka wangu mpaka mlango wa jiko. Kusimama sikuweza, lakini kinywa kilikuwa kizima.

"Mama," nikamwambia, "pwani kunde mlikuwa mnazipikaje?"

"Kwa tui la nazi. Nazi iko wapi hapa?"

"Kwetu Mpwapwa tulikuwa na karanga. Ukizitwanga mbichi ukazikamua kwa maji ya vuguvugu, hutoka maziwa meupe."

"Meupe kama tui?"

"Jaribu."

Akatwanga. Akakamua kwa mikono yake ya pwani iliyokamua nazi maisha yake yote, na maji yakatoka meupe, mazito. Alichovya kidole akakilamba. Akaziunga kunde kwa tui lile la karanga, kitunguu na bizari kidogo kutoka duka la Mhindi. Harufu ilipotoka uani, Athumani alikuja mwenyewe akakaa chini bila kuitwa.

Tangu siku ile tukawa na mchezo, sisi wawili. Asubuhi alikuwa akija na ungo, anakaa karibu na mkeka wangu, anauliza, "Haya, mke wa Salehe. Leo nini?" Nami nilikuwa nimewaza tangu alfajiri. Mtu aliyelala hana kazi nyingine. Ukiacha mawazo yaende yanakwenda kaburini, kwa hiyo niliyafunga jikoni. Kuna siku tulitwanga mtama, tukaupepeta, tukaupika mzima mzima na karafuu na mdalasini kama pilau. Salehe alikula akauliza mchele huo wa wapi, na mama yake akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kuna siku maboga yalipondwa na njugu mawe. Choroko tuliziunga kwa ukwaju. Yakaletwa maharage ya Kibakwe, makubwa, yenye madoa, yaliyoshushwa milimani vichwani mwa watu, na tukayala jioni nzima kana kwamba ni nyama. Zuhura naye akaanza kuleta shauri lake: ubuyu ukorogwe ndani ya uji wa uwele, na asali. Uji ukawa mchachu na mtamu kwa pamoja. Nikanywa bakuli zima, mimi ambaye kijiko kilikuwa kikinishinda.

Na mlenda? Mlenda aliyeushinda ni Bi Mwanahawa. Alipata papa mkavu aliyekuja na gari la moshi kutoka pwani, akamloweka, akamchambua, akamtia ndani. Mama Chibago alionja, akakunja pua kwa harufu ya samaki, akaonja tena.

"Mmeuharibu," akasema.

"Basi rudisha bakuli," Bi Mwanahawa akamwambia.

Hakulirudisha.

Nimetangulia kusema mambo ya chungu, lakini usidhani moyo ulikuwa kwenye chungu. Moyo ulikuwa kwa Mariamu. Kila asubuhi nilikuwa ninamtazama akifungua kinywa bila sauti, na kila asubuhi nilikuwa ninasema, hii ndiyo wiki aliyoisema daktari. Tulirudi hospitali, tukakaa kwenye benchi lile lile. Yule Mnyamwezi hakuwapo. Nilimuuliza msaidizi wa hospitali, naye akatazama chini, nikaelewa. Daktari akamsikiliza mtoto, akasema, "Moyo umetulia kidogo. Endeleeni." Hakutabasamu, lakini alimwekea kidole kwenye kiganja, na Mariamu akakishika.

Tukaendelea.

Siku wingu la kwanza lilipopanda upande wa mashariki, watoto wote wa stesheni walikuwa nje wakipiga kelele. Bi Mwanahawa alikuwa anatengeneza vitumbua. Alikuwa ameuchachua unga wa uwele kwa asali, ameleta kikaango chake cha vitumbua alichokuja nacho kutoka Bagamoyo, na samli ya Mama Chibago ilikuwa inachemka. Mariamu alikuwa mkekani karibu nami, kijiko cha maziwa kimechelewa. Nikasikia kitu. Kidogo, kikavu, kama mlango wa mbao unaosukumwa na upepo. Nikageuka. Kilikuwa kinatoka kwake.

Bi Mwanahawa aliacha kitumbua kikaungua.

"Mwanaidi."

"Nasikia, mama."

"Usimnyamazishe. Kwa Mungu, usimnyamazishe."

Hatukumnyamazisha. Tulikaa, mtu na mkwewe, tukamsikiliza mtoto akilia kama watu wanaosikiliza maulidi. Kilio kilikwaruza, kikakatika, kikarudi kikubwa zaidi. Salehe alikuja mbio kutoka ghalani, akasimama mlangoni ameshika kofia. Nje mvua ikaanza kupiga udongo, na ile harufu ya ardhi iliyokuwa na kiu ikaingia ndani pamoja na harufu ya samli na asali. Sijui kueleza vizuri. Nimesali tangu utotoni, lakini siku ile nilijua kwamba nilikuwa nimesali bila kujua ninayemsemesha ni mkubwa kiasi gani. Punje ya choroko, ukiiweka kiganjani, ni ndogo kuliko tone la mvua ile. Na ndani yake ilikuwamo sauti ya mwanangu.

Mimi nilichelewa kuliko mtoto. Ganzi ilirudi nyuma polepole, kutoka magotini hadi vifundoni, kutoka vifundoni hadi vidoleni, na ilipokuwa inaondoka iliuma. Nilifurahi kuumwa. Uvimbe ulishuka, nikawa na miguu myembamba ya korongo, na ngozi imelegea kama soksi za askari. Nywele zilinyonyoka, zikaota tena laini. Mboga za mvua zilipokuwa tele, mchicha wa porini, majani ya kunde, majani ya maboga, niliweza kuinuka kwa kushika ukuta. Mtama ulipotoa masuke, niliweza bila ukuta. Zuhura alipona haraka, watoto ni kama majani. Mariamu nilimrudisha titini. Alilikataa siku mbili, kisha akalikubali kwa hasira.

Si kwamba yote yalikwenda sawa. Salehe alisemwa ghalani. Walimwita mtu wa reli anayekula kama mchunga mbuzi, na siku moja alirudi amefura, akataka wali, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. Mama yake ndiye aliyemjibu. "Kawapikie hao wanaokucheka waje wakubebee mke mgongoni." Akaketi akala. Kesho yake alibeba kunde za karanga kwenda kazini, na jioni chombo kilirudi tupu. Sikumuuliza nani alikula.

Wali tumerudi kuula, usiniulize. Siku ya Idi, siku ya mgeni. Lakini si kila siku, na hauji mezani peke yake kama bwana harusi asiye na wapambe. Mchele hauna kosa. Kosa ni chungu kinachosema neno moja tu mwaka mzima.

Nilipopata nguvu za kutembea mpaka hospitali, nilikwenda kumshukuru daktari. Nikaambiwa amehamishwa kwenda kambi za mbele, upande wa Tabora. Nilikuwa nimembebea vitumbua ndani ya kikapu. Nikageuka kuondoka, na pale barazani kwenye benchi nikamwona mwanamke, mke wa mjenzi wa reli, amefunikwa shuka mpaka kiunoni. Niliiona miguu kabla sijauona uso wake.

Nikakaa kando yake. Hakuwa na mtu.

"Shikamoo," akaniambia, maana nywele zangu mpya zilikuwa zimeota na mvi.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sina hamu, mama. Hata wali haushuki."

Nikakifunua kikapu. Vilikuwa bado vina joto. Akachukua kimoja, cheusi chenye wekundu wa asali, akakinusa, akaniuliza, "Hiki ni nini?"

"Tafuna kwanza," nikamwambia.

Akamega kipande kidogo, akakiweka ulimini, akafumba macho. Nikasubiri. Kisha akanyoosha mkono wake tena kwenye kikapu.